Namna ya kumlisha ndugu anayepona jeraha la ubongo: nafasi ya matunda, mboga na viungo

Ndugu akishatoka wodi ya wagonjwa mahututi na daktari akasema hatari kubwa imepita, wanaomuuguza hubaki na swali ambalo karatasi ya ruhusa hailijibu: ale nini ili ubongo upone? Majibu huja yenyewe, tena kwa wingi. Jirani huleta unga wa mlonge, shemeji hutuma vidonge vya manjano kutoka ng'ambo, na muuza dawa za asili huapa kwamba mchanganyiko wake umewainua watu waliokuwa hawawatambui hata mama zao. Nilipokuwa namuuguza mdogo wangu baada ya ajali ya bodaboda nilivipokea vyote hivyo kwa mikono miwili, kwa kuwa mwenye mgonjwa hakatai tumaini. Baadaye, kwa kuwauliza wataalamu wa lishe na kwa kusoma, nilielewa kwamba mimea ina nafasi ya kweli katika kupona huko, lakini nafasi hiyo iko kwenye sahani ya kila siku, na kwamba namna ya kuandaa na kupanga chakula ina uzito kuliko jina la mmea wowote.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Jeraha la ubongo huja kwa awamu mbili. Ya kwanza ni pigo lenyewe, ambalo likishatokea halirudishwi nyuma. Ya pili huanza dakika zile zile na huweza kuendelea kwa saa, siku, hata wiki nyingi: seli zilizoumia humwaga kemikali iitwayo glutameti, kalsiamu huingia kupita kiasi katika seli jirani, na mitokondria, ambayo ndiyo majiko ya seli, huanza kutoa kwa wingi molekuli za oksijeni zisizotulia ziitwazo radikali huru. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta, na kuta za seli zake zimejaa mafuta laini yanayoharibika upesi. Mtu aliyewahi kufungua kopo la karanga zilizosagwa na kusahauliwa kabatini miezi kadhaa anaijua harufu yake: mafuta yamekutana na oksijeni yakachacha. Radikali huru huyachachisha mafuta ya seli za ubongo kwa njia hiyo hiyo, ila kwa kasi kubwa zaidi na mahali ambapo hapana kitu cha kubadilisha.

Antioksidanti ni kiambato kinachoipa radikali huru elektroni inayoitafuta, ikatulia kabla haijainyang'anya seli. Mwili hutengeneza baadhi yake wenyewe. Nyingine hutoka kwenye mimea: vitamini C ya mapera na ubuyu, vitamini E ya karanga, alizeti na korosho, karotenoidi zinazotia rangi embe, karoti, viazi lishe na mawese, na polifenoli zilizomo katika majani ya chai, mtama mwekundu, maharage mekundu, zambarau, rozela na manjano.

Hapo ndipo wauzaji wengi wa vidonge huishia, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, akiwemo Fernando Gómez-Pinilla, walichapisha kazi iliyoonesha kwamba panya waliolishwa kurkumini, yaani kiambato kinachoyapa manjano rangi yake, walipoumizwa ubongo walipata uharibifu mdogo wa radikali huru na walijifunza njia vizuri kuliko wenzao. Matokeo hayo ni ya kutia moyo, lakini panya wale walikuwa wamekula kurkumini kwa wiki kadhaa kabla ya kuumia, jambo ambalo hakuna mgonjwa wa ajali anayeweza kulipanga. Kwa binadamu mambo yamekuwa magumu zaidi. Katika miaka ya 1990 dawa mbili za hospitali zilizotengenezwa mahsusi kuzima radikali huru zilijaribiwa kwa majeruhi wa kichwa, moja kwa wagonjwa zaidi ya 400 na nyingine kwa zaidi ya 1,000, na zote zilishindwa kuonesha kwamba waliozipata walipona kuliko wasiozipata. Mpaka leo hakuna jaribio kubwa kwa binadamu lililothibitisha kwamba mmea fulani, au dondoo lake, huponya jeraha la ubongo. Kwa hiyo anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakuuzia ahadi tu, hata kama mwenyewe anaiamini.

Siku za wodini: chakula cha kutosha kwanza

Ubongo ulioumia huufanya mwili wote uchome nguvu kwa kasi, na misuli hukonda machoni pa ndugu ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana mwaka 2011 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani, lililopitia lishe na jeraha la ubongo kwa niaba ya jeshi la nchi hiyo, lilisisitiza jambo la kawaida kabisa: chakula kianze ndani ya saa 24 baada ya kuumia, na katika wiki mbili za mwanzo mgonjwa apate zaidi ya nusu ya nguvu anazotumia pamoja na gramu 1 hadi 1.5 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake. Antioksidanti za mimea jopo hilo liliziweka katika orodha ya mambo yanayostahili utafiti zaidi. Nami nimefuata mpangilio huo huo, kwa maana mgonjwa anayeshinda na njaa hafaidiki na juisi ya rozela hata iwe nyekundu namna gani.

Mgonjwa akiwa analishwa kwa mpira unaopita puani, kila kinachoingia lazima kipitishwe na muuguzi au mtaalamu wa lishe wa wodi. Mama mmoja niliyekuwa nikipishana naye korido alikoroga kijiko cha manjano ndani ya uji wa mwanawe bila kumwambia mtu. Unga ukatuama chini ya bomba la sindano, mpira ukaziba, ikabidi utolewe na mwingine uingizwe, na kijana alishinda bila chakula hadi jioni. Uji wa mpirani huchujwa kwa kitambaa safi hadi usiwe na pumba wala punje, hupewa ukiwa vuguvugu, na mgonjwa huinuliwa kichwa cha kitanda kwa nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulishwa na kwa muda baada yake. Ukitaka mimea iingie humo, muombe mtaalamu akukubalie karanga zilizosagwa laini kabisa, papai lililosagwa na kuchujwa, au mafuta ya alizeti au mawese kijiko kimoja, kisha usukume maji safi kuusafisha mpira.

Usimpe mgonjwa kitu kwa mdomo kabla uwezo wake wa kumeza haujapimwa. Chai na juisi, ambazo sisi huziona nyepesi na salama, ndizo zinazomponyoka kirahisi mtu ambaye koo lake halijapata nguvu, zikaingia mapafuni na kuleta nimonia. Akishapimwa na kuruhusiwa, anza na vitu vizito na laini: papai lililopondwa, parachichi, ndizi mbivu, boga, viazi lishe vilivyosagwa na maziwa. Bahati njema ni kwamba vyakula hivyo laini ndivyo pia vyenye karotenoidi na vitamini nyingi. Akae wima, apewe kijiko kidogo, ameze, nawe uhakikishe mdomo ni mtupu kabla ya kijiko kinachofuata. Kisha asilale kwa nusu saa.

Sahani ya nyumbani

Chukua mtu wa kilo 60. Anahitaji protini kati ya gramu 60 na 90 kwa siku. Mayai mawili yana kama gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20, glasi mbili za maziwa kama 16, na konzi ya karanga kama 7. Hapo umefika 70 bila kununua kitu cha dukani chenye picha ya ubongo. Samaki hatumhesabu miongoni mwa mimea, lakini dagaa na samaki wa mafuta wana mafuta yanayojenga kuta za seli za ubongo, kwa hiyo wasikosekane.

Baada ya msingi huo, ndipo uongeze rangi. Mimi nilijiwekea utaratibu wa kuangalia sahani na kujiuliza kama kuna kijani cha majani, kuna rangi ya chungwa au nyekundu, na kuna kitu cha kutafuna chenye mafuta yake. Pera moja la kawaida linatosha vitamini C ya siku nzima kwa mtu mzima, kwa kuwa gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, mara nne ya chungwa la uzito huo huo. Msimu wa mapera ukipita, unga wa ubuyu uliokorogwa kwenye uji baada ya uji kutoka jikoni hufanya kazi hiyo. Tunda zima ni bora kuliko juisi, kwa sababu nyuzi zake hulainisha choo, na mtu aliyeumia kichwa hapaswi kukamua kwa nguvu, kwani kujikamua huongeza shinikizo ndani ya fuvu. Unga wa mlonge nao unafaa, kijiko kimoja katika uji au mchuzi, uchukuliwe kama mboga ya majani iliyokaushwa. Karanga zichambuliwe vizuri: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, maana sumukuvu haiondolewi kwa kukaanga.

Chai na kahawa zina polifenoli nyingi, lakini zina kafeini pia, na usingizi kwa mgonjwa huyu ni tiba isiyo na mbadala. Kikombe cha asubuhi kinatosha, na kisiandamane na chakula, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Pombe iondoke kabisa nyumbani.

Jikoni, mchicha unapopoteza au kutunza kilichomo

Fungu la mchicha huweza kufika mezani likiwa limepoteza sehemu kubwa ya vitamini C yake, na aliyelipika hakukusudia. Wengi wetu hukata majani kwanza, tukayaosha yakiwa yamekatwa, tukayachemsha kwa maji mengi, tukayakamua na kumwaga maji ya kijani, kisha tukaunga. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto, hivyo kila hatua kati ya hizo huondoa kiasi. Osha majani yakiwa mazima, kata dakika ya mwisho, weka sufuria yenye kitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva kwenye mafuta, tia majani na maji yaliyobaki juu yake baada ya kuoshwa, funika, na ondoa yakiwa bado yana kijani cha kung'aa. Kwa mchicha ni kama dakika 5. Kamulia limau baada ya kuipua.

Nyanya ni kinyume chake: zikiiva vizuri ndani ya mafuta hutoa likopeni, karotenoidi inayozipa wekundu wake, kwa urahisi kuliko zikiliwa mbichi, na karotenoidi zote huhitaji mafuta ili zifyonzwe, kwa hiyo tui la nazi au kijiko cha mafuta katika mboga si anasa. Magadi ndiyo ninayokuomba uyaache katika sufuria ya mgonjwa. Hulainisha maharage na mlenda kweli, lakini huharibu vitamini C na vitamini B1, nayo B1 ndiyo inayousaidia ubongo kutumia sukari. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji, uyapike taratibu. Kisamvu peke yake hakiguswi na kanuni ya dakika chache: kitwangwe sawasawa na kichemke kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa sababu majani ya muhogo yana sayanidi, na hiyo lazima itoke.

Manjano

Manjano nayaandikia sehemu yake kwa kuwa ndicho kiungo kinachoulizwa kuliko vyote. Katika gramu 100 za manjano makavu kurkumini ni kama gramu 3, na mwili hufyonza kidogo mno ya hiyo. Kijiko cha chai cha manjano ndani ya mchuzi wenye mafuta ni chakula kizuri na hakina haja ya kuogopwa. Kidonge kimoja cha dukani chenye miligramu 500 za kurkumini ni jambo jingine: huo ni mkusanyo wa vijiko kadhaa kwa mkupuo, na mara nyingi huchanganywa na piperini, kiambato cha pilipili manga, ili mwili ufyonze zaidi. Piperini haichagui cha kufyonzesha, na madhara yake nitayaeleza hapa chini.

Nunua manjano mabichi sokoni, yale yanayofanana na tangawizi, uyaparuze mwenyewe. Rangi yake ya kupita kiasi katika unga uliosagwa tayari imewahi kutoka kwenye kemikali yenye madini ya risasi. Jambo hilo liligunduliwa Bangladesh, na risasi ni sumu ya ubongo hasa. Kwenye mizizi mibichi ni vigumu zaidi kuificha rangi hiyo.

Mimea na dawa za hospitali

Hapa ndipo mapenzi ya ndugu yanapoweza kumdhuru mgonjwa, kwa hiyo soma polepole. Wagonjwa wengi wa jeraha la ubongo hupewa dawa za kuzuia degedege, na kipimo cha dawa hizo kina nafasi finyu kati ya kutosha na kuzidi. Fenitoini, mojawapo ya dawa hizo, huongezeka katika damu ikikutana na piperini ya vidonge, na mgonjwa huanza kuyumba, kuona vitu viwili viwili na kusinzia, nanyi mkadhani ni jeraha linarudi. Pilipili manga chache katika pilau haziwezi kulinganishwa na kidonge, lakini vidonge vyenye piperini visitumike. Fenitoini hiyo hiyo, ikipewa pamoja na uji wa mpirani, hufyonzwa pungufu, na wauguzi hutenganisha dawa na chakula kwa saa moja au mbili. Endeleeni hivyo hivyo nyumbani kama mliondoka na mpira. Anayetumia kabamazepini, dawa nyingine ya degedege, asile balungi wala kunywa juisi yake, kwani hupandisha kiwango cha dawa.

Anayetumia wafarini kwa sababu ya damu kuganda mguuni hatakiwi kuacha mchicha wala sukuma wiki, kama wengi wanavyoambiwa mtaani. Anatakiwa kula kiasi kile kile kila wiki, kwa sababu vitamini K ya majani hupingana na dawa hiyo, na daktari hupanga kipimo kulingana na mlo aliouzoea. Wiki ya majani mengi ikifuatwa na wiki isiyo na jani hata moja ndiyo inayoleta hatari.

Vidonge na dondoo kali za kitunguu saumu, tangawizi, manjano na ginko (mti wa asili ya China) huweza kupunguza uwezo wa damu kuganda. Kwa mtu ambaye juzi alikuwa na damu ndani ya fuvu, hakuna sababu ya kubahatisha. Wapo pia waliotolewa kipande cha fuvu wakarudishwa nyumbani kusubiri kukirudishiwa baada ya miezi. Hao wakaribiapo upasuaji wa pili wamwambie daktari kila kitu wanachotumia, na dondoo zote zisimamishwe angalau wiki mbili kabla. Na kama bado unadhani kidonge cha kitu kizuri hakiwezi kudhuru, kumbuka Ufini: mwaka 1994 watafiti waliowapa wavutaji sigara vidonge vya betakarotini, ile ile ya karoti, walikuta kansa ya mapafu imeongezeka miongoni mwao, katika kundi la wanaume zaidi ya 29,000. Karoti haijawahi kufanya hivyo.

Asiponusa, asipokumbuka kula

Jambo moja hakuna aliyetuambia. Mdogo wangu alikuwa akisukuma sahani ya samaki wa nazi, chakula alichokipenda tangu utotoni, akisema ni kama anatafuna pamba. Tulidhani ni hasira za ugonjwa. Kumbe pigo la kichwa huweza kukata nyuzi ndogo za kunusa zinazopita juu ya pua, na pua ikifa ladha nyingi hufa nayo. Mtu wa namna hiyo mpe tofauti ambazo ulimi na meno bado vinazihisi: uchachu wa limau, ukwaju na embe bichi, ubaridi wa tikiti, mlio wa karanga na tango. Asiongezewe chumvi kufidia. Maziwa na kiporo vinuswe na mtu mwingine kabla hajala, na jiko la gesi lisiachwe mikononi mwake akiwa peke yake.

Uchovu nao hufunga tumbo. Milo mitano midogo hufika mbali kuliko mitatu mikubwa, na mlo mzito zaidi uwe asubuhi, kabla kichwa hakijachoka. Anayesahau kama amekula apewe ratiba iliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa, naye mwenyewe atie alama.

Daftari la kliniki

Weka daftari moja. Kila asubuhi andika alichokula jana, dawa na saa zake, choo, usingizi, na kila wiki uzito. Kitu kipya kiingizwe kimoja kimoja, kwa nafasi ya siku kadhaa, ili kikileta harara, kuhara au usingizi usio wa kawaida ujue ni kipi. Vifungashio vya vidonge vyote alivyowahi kumeza, hata alivyopewa na shangazi kwa siri, vipelekwe kliniki vikiwa kwenye mfuko.

Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, usingizi mzito usioamshika, udhaifu mpya wa upande mmoja, au maji maangavu yanayotoka puani au sikioni havingojei uji uive. Mpeleke hospitali muda huo huo akiwa na daftari lake, na usimpe aspirini wala ibuprofeni njiani.